Pumu ya farasi, na chembe ya damu iliyopewa kazi moja

Leo naomba tuongee kuhusu farasi. Najua wapo watakaoanza kucheka: mwandishi wa habari wa mjini, ambaye farasi anawaona kwenye gwaride na kwenye filamu, ana lipi la kutuambia? Nivumilieni kidogo. Wengi mnaonisoma mna pumu, au mna mtoto, dada au jirani mwenye pumu, na habari hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kwa ufupi ni hivi. Farasi wanaugua pumu, ya kwao wenyewe, bila kuambukizwa na mtu maabara. Na ndani ya damu yao, kama ndani ya damu yangu na yako, kuna chembe ndogo sana ambayo wanasayansi waliipa kazi moja tu, kugandisha damu, kisha ikapita karibu karne nzima kabla hawajaanza kuuliza kama ina kazi nyingine. Nimekuwa nikisoma historia ya mambo haya mawili kwa muda sasa, na kila nikisoma narudi kwenye hoja ileile: jina likishabandikwa juu ya kitu, ndilo linaloamua nani atakitazama na nani atakipita. Leo nitajaribu kuwaonyesha kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Farasi mtu mzima, mara nyingi wa miaka 7 na kuendelea, anafungiwa bandani msimu wa baridi na kulishwa nyasi kavu zilizohifadhiwa tangu kiangazi. Anaanza kukohoa. Baadaye pumzi inakuwa fupi, pua zinatanuka hata akiwa amesimama tu. Kutoa hewa kunakuwa kazi ngumu kuliko kuivuta, kwa hiyo anaisukuma kwa tumbo, na baada ya muda misuli ya tumbo inatuna hadi inachora mstari ubavuni. Mtoe nje malishoni, mbali na vumbi la zile nyasi, anapata nafuu. Mrudishe bandani, saa chache baadaye kifua kinabana tena. Mtu mwenye pumu akisoma maelezo haya atajiona kwenye kioo.

Kwetu jambo hili halisikiki kwa sababu farasi wenyewe ni wachache. Mbung'o na ule ugonjwa hatari wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika viliwazuia wasitulie katika sehemu kubwa ya ukanda wetu. Lakini Ulaya kabla ya injini, farasi alikuwa lori, alikuwa teksi, alikuwa trekta na alikuwa silaha ya vita. Farasi asiyepumua ilikuwa hasara kama gari lililoua injini, na wauzaji wajanja walijua jinsi ya kuficha dalili hadi siku ya mnada ipite. Ndiyo maana ugonjwa huu uliingia kwenye sheria kabla haujaeleweka na madaktari. Ufaransa, sheria ya tarehe 20 Mei 1838 iliuorodhesha miongoni mwa kasoro zinazompa mnunuzi haki ya kumrudisha farasi, na ikampa siku 9 za kulalamika. Ujerumani nayo iliuweka kwenye amri ya mwaka 1899, kwa muda wa siku 14, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 2002. Fikirieni hilo: zaidi ya miaka 100, swali kubwa kuhusu kifua cha farasi lilikuwa nani alipe.

Na majina? Waingereza waliuita ugonjwa wa pumzi iliyovunjika. Wafaransa waliuita kwa neno la kusukuma, kwa jinsi mnyama anavyosukuma hewa. Ni majina mazuri, yanaeleza kinachoonekana. Lakini pumzi "ikivunjika", nani atafikiria kuitibu? Kilichovunjika kinauzwa kwa bei ya kutupa.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye jina halikumzuia. Sir John Floyer alikuwa daktari wa binadamu katika mji wa Lichfield, Uingereza, na yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Mwaka 1698 alitoa kitabu kizima kuhusu pumu, kimojawapo cha vya kwanza kwa Kiingereza. Ndani yake alieleza jinsi alivyompasua farasi jike aliyekufa akiwa na ile pumzi iliyovunjika, akaona mapafu yaliyovimba kwa hewa iliyonaswa ndani, isiyotoka. Wanahistoria wa tiba wanayahesabu maelezo yake miongoni mwa maelezo ya mapema kabisa ya hali tunayoiita leo emfisema. Mimi kinachonivutia si ule upasuaji. Ni ule ujasiri wa mgonjwa wa pumu kumtazama mnyama wa kukokota mizigo na kuona kwamba wanaweza kuwa na habari moja.

Baada ya Floyer njia zikagawanyika. Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipata kibali cha kuanzisha shule ya tiba ya mifugo mjini Lyon, Ufaransa, na shule nyingine zikafuata kote Ulaya. Lilikuwa jambo jema sana, lakini kwa ugonjwa wetu lilikuwa na gharama yake: kifua cha farasi kikawa mali ya idara moja, kifua cha binadamu mali ya idara nyingine, na kila idara ikaandika vitabu vyake kwa maneno yake.

Sasa tuingie kwenye damu, maana hadithi ya pili inaanzia huko.

Mtu yeyote aliyekuwa Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa dengue wa mwaka 2014 au ule wa 2019 alisikia watu wakiulizana, "plateleti zako ngapi?" Hizo ndizo nitakazoziita chembe sahani. Hazina kiini kama seli nyingine, ni vipande tu vilivyomeguka kutoka kwenye seli kubwa, na upana wake ni kama mikroni 2 au 3. Kwa mtu mzima mwenye afya zipo takriban 150,000 hadi 400,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Dengue huzishusha, na zikishuka sana mtu anaweza kuvuja damu.

Kwa udogo huo, si ajabu kwamba zilichelewa kuonekana. Alfred Donné wa Paris aliziona kwa hadubini mwaka 1842, akadhani ni vitone vinavyotokana na chakula kilichosagwa tumboni. Mwaka 1865 Max Schultze wa Bonn alizieleza kwa usahihi zaidi, na mwaka 1874 William Osler, kijana kutoka Kanada aliyekuwa akisoma London, naye akaandika juu yake. Lakini aliyezipa uraia ni Giulio Bizzozero, wa Torino, Italia. Mwaka 1882 alichapisha kazi yake kubwa. Alikuwa amechukua sungura na simbilisi walio hai, akatazama mishipa midogo ya damu kwa hadubini, akaijeruhi, akaona chembe hizi ndizo za kwanza kufika na kujibandika kwenye jeraha. Akaziita kwa neno la Kitaliano lenye maana ya visahani vidogo.

Ugunduzi ule ulikuwa sahihi mia kwa mia. Bila chembe sahani wewe na mimi tungekufa kwa mkwaruzo. Tatizo ni kwamba jina na kazi vilikuja pamoja, na baada ya hapo ikawa kama kesi imefungwa. Chembe nyekundu zinabeba oksijeni, chembe nyeupe zinapigana, chembe sahani zinaziba. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na mwalimu hakukosea kwa alichokuwa nacho kitabuni.

Mwaka 1906 mambo mawili yalitokea, kila moja upande wake wa dunia. Boston, Marekani, James Homer Wright alionyesha kwamba chembe sahani zinamegwa kutoka kwenye seli kubwa za uboho wa mifupa zinazoitwa megakariosaiti. Vienna, Austria, daktari wa watoto Clemens von Pirquet alibuni neno "aleji", kueleza mwili unaobadili namna ya kujibu kitu ulichowahi kukutana nacho. Miaka minne kabla yake, mwaka 1902, Wafaransa Paul Portier na Charles Richet walikuwa wametangaza kwamba mbwa waliokwisha kupewa kidogo sumu ya viumbe wa baharini waliweza kufa kwa dozi ndogo ya pili. Richet alipata Nobel ya tiba mwaka 1913 kwa hilo. Kwa hiyo ndani ya miaka michache dunia ilikuwa na neno aleji na ilijua chembe sahani zinatoka wapi. Hakuna aliyeona haraka ya kuviunganisha. Zile zilikuwa za kuziba jeraha, hii ilikuwa habari ya kinga.

Kuna dokezo jingine lililopitwa hivihivi. Mjerumani Ludwig Aschoff mwaka 1893 aliona zile seli kubwa ndani ya mishipa ya mapafu. Zinafanya nini huko? Mwaka 1937 Wamarekani Howell na Donahue walisema wazi kwamba mapafu yanazalisha chembe sahani. Wazo lao likabaki pembeni. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitazama mapafu ya panya hai kwa kamera maalumu, wakakadiria kwamba mapafu hayo hutoa zaidi ya chembe sahani milioni 10 kwa saa, karibu nusu ya zote za panya yule. Tusikimbilie kusema kwa binadamu ni vivyo hivyo. Lakini oneni: kiungo kinachougua pumu ndicho hichohicho chembe hizi zinakozaliwa kwa wingi, na ilituchukua miaka 124 kulitazama dokezo la Aschoff kwa macho makavu.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na sungura. Mwaka 1966 Barbaro na Zvaifler walionyesha kwamba chembe sahani za sungura mwenye aleji zinaweza kumwaga histamini, ileile kemikali inayotufanya tupige chafya na kuwashwa, pale chembe nyeupe zinapokutana na kitu kinachomdhuru. Maana yake chembe nyeupe zilikuwa zinatuma ujumbe. Ujumbe gani? Mwaka 1972 Jacques Benveniste, Peter Henson na Charles Cochrane waliupa jina: kiamsha chembe sahani, kwa kifupi PAF. Mwaka 1979 muundo wake ukajulikana, ni aina ya mafuta. (Benveniste ndiye yuleyule ambaye mwaka 1988 alizua kizaazaa duniani kwa kudai maji yana kumbukumbu. Kazi ya PAF ilisimama, ya maji ilianguka.)

Kilichofuata kilikuwa kama mbio za dhahabu. Mwaka 1986 watafiti wa London waliripoti kwamba mtu akivuta PAF, njia zake za hewa hubana. Kwa farasi, PAF iligeuka kuwa miongoni mwa viamsha vikali kabisa vya chembe sahani zao, wakati adrenalini, inayoziamsha za binadamu, kwao haifui dafu. Kampuni za dawa zikaona njia nyeupe: zuia PAF, umemaliza pumu. Zikatengenezwa dawa, nyingine kutokana na mti wa ginkgo. Zikajaribiwa kwa wagonjwa wa pumu mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Matokeo yakakatisha tamaa. Nafuu ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Ginkgo ikarudi kwenye chai.

Hapo wengi walihitimisha kwamba basi, chembe sahani hazina lolote kwenye pumu. Kumbe kilichoshindwa ni dawa ya kuzuia ujumbe mmoja, na ujumbe mmoja si chembe yenyewe. Dalili nyingine zilikuwepo. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walikuwa wameona protini inayotoka ndani ya chembe sahani ikipanda kwenye damu ya wagonjwa wa pumu waliovutishwa kitu kinachowadhuru. Na miaka ya 2003 na 2005, kundi la watafiti wa King's College London lilifanya jaribio ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Walichukua panya wenye aleji ya mapafu, wakaondoa chembe sahani kwenye damu yao. Chembe nyeupe zilizoingia mapafuni zikapungua sana. Walipozirudisha, chembe nyeupe nazo zikarudi. Wakaonyesha pia kwamba protini fulani kwenye uso wa chembe sahani, P-selektini, ndiyo inayozishika chembe nyeupe mkono, kisha zote zinaelekea kwenye ukuta wa mshipa. Yaani kile kibandiko cha Bizzozero kinafanya kazi hata pasipo jeraha: kinawafungulia askari mlango wa mapafu.

Sasa mjue panya wa maabara hana pumu. Anatengenezewa. Anachomwa protini ya yai, anavutishwa protini ya yai, anafanywa kuwa mgonjwa kwa wiki chache. Farasi wa kule bandani anaugua mwenyewe, kwa miaka, kwa vumbi lilelile la kila siku, na anapona kiasi akitolewa nje. Kama unatafuta mnyama wa kumuuliza habari za pumu, huyu amekuwa akikohoa mbele yetu tangu enzi za Floyer na kabla yake.

Royal Veterinary College ya London ilimuuliza. Mwaka 2007 watafiti wake waliripoti kuamka kwa chembe sahani kwa farasi wadogo wenye ugonjwa huu. Mwaka 2009 wakaripoti jambo lililotuliza pupa: walipotafuta kwenye damu alama za kawaida za chembe sahani zilizoamka, na mafungu ya chembe sahani zilizoshikana na chembe nyeupe, hawakuziona zikiongezeka. Kwa hiyo kwa farasi kesi bado iko wazi. Tena kuna tofauti nyingine: pumu yake inajaza mapafuni chembe nyeupe za aina ya nyutrofili, wakati pumu ya aleji ya binadamu wengi inajulikana kwa aina ya eosinofili. Hata swali la kama ugonjwa wake ni aleji kamili, au ni aleji iliyochanganyika na mwili kupambana na ukungu na sumu za bakteria kwenye nyasi, bado linajadiliwa. Napenda wanasayansi wanaochapisha pia kile ambacho hawakukiona. Wanatusaidia kuliko wanaotangaza ushindi kila wiki.

Na jina nalo likawa linahama. Kwa miaka mingi karne iliyopita vitabu vya mifugo viliuita kwa jina la ugonjwa wa mapafu wa wavuta sigara, kana kwamba farasi wanavuta. Mwezi Juni 2000 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha Michigan State wakaliacha jina hilo, wakapendekeza kuuita kuziba kwa njia za hewa kunakojirudia. Mwaka 2016 taarifa ya pamoja ya wataalamu ikaunga mkono neno pana zaidi: pumu ya farasi. Miaka 318 baada ya kitabu cha Floyer! Mgonjwa wa pumu wa Lichfield alikuwa ameona mbali kuliko idara.

Mtaniuliza, jina linabadilisha nini? Linabadilisha tiba. Pumzi iliyovunjika haina dawa, ina bei. Njia zinazobana na kuachia zinapewa dawa ya kuachia. Lakini ukisema ni uvimbe unaochochewa na vumbi, unaanza mahali pengine: loweka nyasi, badilisha chakula, fungua madirisha ya banda, mtoe mnyama nje, na toa dawa za kupunguza uvimbe. Ndiyo tiba ya farasi leo, na sehemu yake kubwa ni ndoo ya maji na hewa safi.

Kwetu sisi ni vilevile. Wangapi mnaijua pumu kama "kifua kubana" tu, na dawa yake ni ile inhela ya bluu mfukoni, unapuliza, unaachia, unaendelea na safari? Ile ya bluu inalegeza misuli, uvimbe inauacha palepale. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA uliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa hiyo peke yake, kwa sababu inatuliza dalili huku hatari ya shambulio kubwa ikibaki. Ukapendekeza dawa ya kuvuta yenye steroidi ya kupunguza uvimbe iwemo kwenye tiba. Kama unaijua ya bluu tu, hilo ni swali la kumpelekea daktari wako wiki hii, usingoje usiku ambao pumzi itagoma.

Onyo moja, maana najua mtaani tunavyokimbilia tiba. Asije mtu akasema, "aspirini inazuia chembe sahani, basi nimeze aspirini nitibu pumu." Hapana! Tangu mwaka 1922 Mfaransa Fernand Widal na wenzake walieleza wagonjwa wa pumu ambao aspirini inawaletea shambulio, na shambulio hilo linaweza kuua. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwa wagonjwa wa aina hiyo chembe sahani nyingi kuliko kawaida zimeshikamana na chembe nyeupe. Kwa hiyo mambo yapo, lakini hayajafika kwenye kidonge cha dukani.

Kwa leo naomba niishie hapa. Walio kwenye fani ya mifugo na walio maabara, karibuni mniongezee au mnipinge, ukumbi ni wenu. Na wenye pumu, nawatakia usiku wa pumzi ndefu.